Helsinki au Budapest: uende wapi katikati ya baridi?

Likizo za wengi wetu huangukia Desemba na Januari, na hiyo ni miezi ambayo Ulaya imepigwa na baridi. Ushauri unaotolewa kila siku ni kusubiri hadi Juni. Mimi siukubali. Ukiondoa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, Januari na Februari hoteli hushusha bei, foleni za makumbusho hupungua, na mji unabaki na wenyewe. Cha kuangalia ni mji gani.

Naweka mezani miji mikuu miwili, Helsinki ya Ufini na Budapest ya Hungaria. Sababu ni kwamba yote miwili ina desturi ya miaka mingi ya watu kujipasha moto pamoja: Helsinki kwa sauna, Budapest kwa maji moto yanayopanda yenyewe kutoka ardhini. Zaidi ya hapo haifanani, na anayekwenda mmoja akitegemea mambo ya mwingine ataisikitikia nauli yake.

Niseme mapema ninakoegemea. Kama hujawahi kuonja baridi ya Ulaya, nenda Budapest. Helsinki ni ya mtu anayeitaka baridi yenyewe, na huyo namwambia aende Februari, si Desemba.

Ulizia mwanga kabla ya kuulizia baridi

Kila anayejiandaa kwa safari hii huuliza nyuzi joto. Sawa, aulize, lakini baridi ina dawa yake dukani. Giza halina duka. Sisi tuliozoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kitu na kuzama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, hatujui mwili unavyokasirika siku inapokatwa nusu.

Helsinki, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza karibu saa 3:25 asubuhi na kuzama karibu saa 9:15 alasiri. Hazifiki saa sita za mwanga. Na hata hilo jua likiwepo halipandi, linapita chinichini nyuma ya majengo na kwenda zake. Ukichelewa kuamka kwa uchovu wa ndege, ukanywa chai taratibu, ukaoga, utatoka hotelini ukute mchana umebaki robo. Budapest siku hiyohiyo jua hutoka karibu saa 1:30 asubuhi na kuzama saa 10 kasoro dakika chache, yaani saa nane na nusu hivi za mwanga. Si nyingi, ila zinatosha kupanda kilima cha Buda, sehemu ya mji iliyo magharibi ya mto Danube, kushuka, kula, na kuvuka daraja kabla giza halijaingia.

Kwa Mwislamu anayeswali kwa wakati, ratiba ya Helsinki mwezi huo inataka umakini: adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya saa tatu hivi. Ukiingia makumbusho baada ya chakula cha mchana, panga kabisa utaswalia wapi. Upande wa pili, funga ya sunna siku hizo ni nyepesi ajabu.

Sasa baridi. Wastani wa Januari Helsinki ni kama nyuzi 3 chini ya sifuri, na wa Budapest ni juu kidogo ya sifuri. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Mtaani Helsinki ina upepo wa bahari, na kuna wiki kipimo kinashuka hadi 15 au 20 chini ya sifuri bila kumshangaza mwenyeji yeyote. Budapest haina ukali huo mara nyingi. Kero yake ni unyevu na ukungu. Nchi ile iko kwenye bonde pana lililozungukwa na milima, hewa ya baridi ikishatua chini haina pa kutokea, na mawingu yanaweza kukaa juu ya mji siku kadhaa jua lisionekane. Picha ulizoziona za Bunge la Hungaria likiwa jeupe kwa theluji ni za kweli, lakini aliyezipiga alikuwa na bahati. Theluji Budapest huja na kuyeyuka.

Helsinki nayo haikuahidi theluji ya Desemba. Ufini ya kusini siku hizi inaweza kufika Krismasi ikiwa na mvua na lami nyeusi, na giza bila theluji ni giza maradufu, kwa sababu theluji ndiyo inayorudisha mwanga wa taa juu. Ndiyo maana nasema Februari. Katikati ya mwezi huo mchana umeshafika saa tisa, theluji kwa kawaida ipo, bahari ya karibu na mji imeganda, na anga hufunguka bluu. Baridi ni ileile au zaidi, lakini inavumilika ukiwa unaona.

Halafu kuna hili la mwanga wa kaskazini, zile pazia za kijani angani. Usikate tiketi ya Helsinki kwa ajili yake. Taa za mji na mawingu huuzima hata usiku ambao ungeonekana. Wanaoutaka hupanda treni ya usiku hadi Rovaniemi, kiasi cha kilomita 800 kaskazini, na hiyo ni safari nyingine yenye bajeti yake.

Maji moto na moshi wa kuni

Hapa ndipo miji hii inapojitenga, na kwa maoni yangu hapa ndipo pa kufanyia uamuzi.

Budapest imekaa juu ya chemchemi za maji moto. Bafu la Széchenyi, lililofunguliwa 1913 ndani ya bustani ya Városliget, huchota maji yanayotoka chini yakiwa na zaidi ya nyuzi 70 na kuyapoza hadi mtu aweze kuingia. Lina mabwawa ya ndani, lakini wewe wa baridi unafuata yale ya nje. Bwawa lenye joto zaidi lina nyuzi 38 hivi. Ukiwa ndani, kichwa tu kiko kwenye baridi; mvuke umetanda mpaka jengo la njano linalolizunguka bwawa linaonekana vipande vipande, na wazee wamesimama maji yakiwa kifuani wakicheza chesi kwenye mabao yaliyojengwa pembeni, wala hawainui macho. Mtu anaweza kukaa humo saa nzima theluji ikimwangukia kwenye nywele.

Shida iko kati ya mlango na maji. Ni hatua chache tu za sakafu yenye unyevu uliokaribia kuganda, na hazisahauliki. Beba kandambili na taulo lako. Dada zangu wenye misuko au rasta, vaeni kofia ya kuogea au zifungeni juu kabisa: misuko iliyolowa haikauki kwa kile kikaushio kidogo cha ukutani, na kutoka nje nayo mbichi kwenye baridi ya sifuri ni kujitafutia ugonjwa wa kichwa. Na wenye familia wajue kuwa tangu Agosti 2025 Széchenyi hairuhusu tena watoto wa chini ya miaka 14. Bafu maarufu la Gellért nalo limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2025, hivyo ukiona mtu bado anakupangia, amekupa ratiba ya zamani.

Mimi ningeenda Rudas. Waturuki wa Dola ya Osmani walilijenga katika karne ya 16, na bwawa lake la pembe nane chini ya kuba lenye matundu ya mwanga bado linatumika. Hamna fujo ya Széchenyi. Tena sehemu hiyo ya kale hufuata desturi ya kutenganisha siku za wanaume na wanawake katikati ya wiki, na Jumanne ndiyo ya wanawake, wikendi huchanganyika. Kwa dada asiyetaka kuoga mbele ya wanaume, hilo linaweza kuwa ndilo linaloamua. Thibitisha ratiba kabla ya kwenda, maana hubadilishwa.

Helsinki haina maji moto ya ardhini. Ina sauna, na si moja. Ufini ina watu milioni 5.5 na inakadiriwa kuwa na sauna milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Chumba ni cha mbao, joto la nyuzi 80 hivi, kuna jiko la mawe, na mtu anachota maji kwa kata na kuyamwaga juu ya mawe hayo. Ule mvuke unaokuja kukupiga masikio wao wanauita *löyly*. Unakaa hadi uvumilivu uishe, unatoka nje, unapoa, unarudi. Ukitaka kukamilisha, unashuka ngazi na kuzama baharini, pengine kwenye tundu lililokatwa katika barafu. Sekunde chache tu. Unaibuka ngozi inawaka kama uliyepakwa pilipili, na dakika tano baadaye unajisikia mwepesi hivi kwamba utataka kurudia. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari wake kwanza, na asione haya kuishia kwenye ngazi.

Mahali pa kufanyia haya ni pengi. Löyly, jengo la mbao lililofunguliwa 2016 kando ya bahari, wanaume na wanawake hukaa pamoja wakiwa na nguo za kuogelea. Ni pazuri kwa mgeni mwenye aibu, na panataka kuhifadhi nafasi mapema. Allas, karibu na soko la bandarini, ina bwawa la nje lenye maji ya moto pembeni ya lile la maji ya bahari, kwa hiyo anayeogopa baridi na asiyeiogopa wanaweza kukata tiketi pamoja. Lakini sauna ya mtaa yenyewe ni Kotiharju, katika kitongoji cha Kallio, inayowashwa kwa kuni tangu 1928. Wanaume kwao, wanawake kwao, na ndani watu wako uchi bila kujali. Nje, kando ya barabara ambayo watu wanapita na mifuko ya sokoni, utawakuta waogaji wamekaa na taulo tu kiunoni, mvuke unapanda mabegani mwao, wanapiga soga kwenye baridi ambayo wewe umevalia makoti mawili. Hakuna anayewatazama mara mbili.

Jiulize basi kwa ukweli: mwili wako unataka kubembelezwa au kutikiswa? Budapest inabembeleza. Nimewaona watu wazima wakitoka Széchenyi wamelegea kama watoto waliokwisha kunyonya. Helsinki inakutikisa kwanza ndipo ikupe raha yake, na wapo ambao raha hiyo hawaioni kamwe.

Ukiwa umekauka

Budapest ina vitu vya kutazama hadi shingo iume. Na baridi inaisaidia kwa jambo moja: giza likiingia mapema, taa za Bunge, Daraja la Minyororo na Kasri la Buda huwashwa mapema pia. Kile ambacho mgeni wa Julai anakisubiri hadi usiku, wewe unakipata saa kumi na moja jioni na bado una muda wa chakula. Simama upande wa Buda, kwenye uwanja wa Batthyány, Bunge litakuwa mbele yako ng'ambo ya mto. Vidole vikikataa, panda tramu namba 2 upande wa Pest, ng'ambo ya Buda. Inakwenda kando ya Danube na dirisha lake linafanya kazi ya basi la watalii kwa tiketi ya kawaida. Treni ya chini ya ardhi ya M1, iliyoanza 1896, inakushusha mlangoni mwa Széchenyi, na jirani yake kuna kiwanja cha kuteleza kwenye barafu ambacho kimekuwapo tangu 1870. Asubuhi barafu, mchana maji moto: siku moja imekwisha hapo.

Jambo la kuangalia ni tiketi. Ukinunua ya karatasi, igonge kwenye mashine kabla ya kushuka chini kupanda treni. Wakaguzi husimama mlangoni na kisingizio cha ugeni wamekisikia tangu asubuhi.

Helsinki haina mapambo hayo. Ni mji wa mawe ya kijivu, majengo mafupi, na ukimya ambao mtu wa Kariakoo au River Road atauona kama msiba. Ulichonacho ni majengo ya ndani yaliyofikiriwa na watu wanaoijua baridi. Oodi, maktaba kuu iliyofunguliwa Desemba 2018, iko uso kwa uso na Bunge, na kuingia ni bure kwa yeyote: ghorofani kuna vitabu, viti vya kulala, watoto wanaotambaa, na ghorofa ya kati ina cherehani na mashine za kuchapa vitu ambazo watu hutumia kwa shughuli zao. Ukishikwa na baridi katikati ya mji, ingia hapo ukae saa mbili, hakuna atakayekuuliza umenunua nini. Kanisa la Temppeliaukio, la 1969, limechimbwa ndani ya mwamba. Na kivuko cha kwenda ngome ya Suomenlinna, cha dakika 15 hivi, kinafanya kazi mwaka mzima kwa tiketi ileile ya tramu. Februari kinapita kwenye barafu, na sauti ya barafu ikivunjika chini ya chuma ndiyo kitu ambacho ningekulipia nauli ukaisikie.

Kutembea Helsinki kuna adabu zake. Barabara chache za katikati zimepitishiwa mabomba ya maji ya moto chini, kwa hiyo ni kavu. Ukitoka hapo ni barafu iliyomwagiwa changarawe. Tembea hatua fupi, bapa. Ukiona sehemu ya njia imezibwa na kibao, usiipite: juu kuna mafundi wanaangusha theluji kutoka paani, na bonge lake moja si mchezo.

Chakula na pesa

Hapa Budapest inashinda bila ubishi. Kula na kulala ni nafuu kuliko Helsinki kwa kiasi ambacho utakihisi kila siku. *Gulyás* yao ni supu ya nyama ya ng'ombe na pilipili nyekundu ya unga, inashika tumbo. *Lángos* ni unga uliokaangwa na kupakwa kitunguu saumu, krimu na jibini. Tatizo ni nguruwe: yupo kwenye vyakula vingi, na mafuta yake hutumika hata kukaangia vitunguu vya supu isiyo ya nguruwe. Asiyekula aulize sahani kwa sahani, au atafute migahawa ya Kituruki na Kiarabu, ambayo ipo ya kutosha. Sarafu ni forinti. Usibadilishie pesa uwanja wa ndege, na mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya kadi yako, kataa.

Helsinki unalipa kwa kadi kila mahali, na unalipa sana. Ila supu ya samaki aina ya salmoni, yenye maziwa na majani ya kiungo kiitwacho dill, inayouzwa katika soko la zamani la bandarini, inafaa kila senti, na haina utata kwa asiyekula nguruwe. Mkate wao mtamu wa kusokota, *korvapuusti*, umejaa iliki. Ukiuma macho yamefumba utadhani uko Mombasa unakula mahamri.

Mavazi

Koti usinunue Ulaya. Makoti mazito ya mitumba pale Karume au Gikomba yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu nani atayavaa kwenye jua lile? Chagua linalofunika makalio na lenye kofia. Viatu ndivyo vya kununua vipya, vyenye soli ya mpira laini na mifereji mirefu, na viwe vikubwa kidogo ili soksi nzito iingie bila kubana. Mguu uliobanwa ndio unaoganda kwanza. Kwa Helsinki ongeza vile vinjumu vya meno vya kuvalisha juu ya kiatu ili usiteleze kwenye barafu, vinauzwa madukani kwao. Marvini ya kufunika masikio, glavu, nguo ya ndani ya sufu, basi. Ndani ya majengo ya miji yote miwili ni joto la kukaa na fulana, kwa hiyo vaa vitu vinavyovulika.

Mafuta ya nazi yataganda kwenye chupa. Beba ya mgando, maana hewa ya ndani ni kavu na midomo hupasuka siku ya pili. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kwenye baridi kali inaweza kujizima ikiwa na chaji nusu.

Krismasi, viza, na nani aende wapi

Kama unaweza kusafiri Krismasi tu, Budapest. Masoko yake ya sikukuu kwa kawaida huendelea hadi karibu na Mwaka Mpya, ingawa jioni ya tarehe 24 mji hufungwa na usafiri kupungua. Helsinki soko lake kuu hufungwa kabla ya Mkesha wenyewe, na tarehe 24 na 25 mgeni asiye na ndugu atabaki na kuta za hoteli. Kitu kimoja tu kitakufariji: jioni ya Mkesha wenyeji huenda makaburi ya Hietaniemi kuwawashia marehemu wao mishumaa, maelfu juu ya theluji, kama theluji ipo.

Mwenye watoto wadogo, Helsinki ya Februari: theluji ya kuchezea ipo, na Széchenyi haiwapokei. Mwenye mzazi wa umri mkubwa, Budapest, kwa sababu ya maji na kwa sababu hatari ya kuteleza njiani ni ndogo. Anayetaka miji miwili kwa viza moja anaweza kutoka Helsinki kwa meli hadi Tallinn kwa saa mbili, au kutoka Budapest kwa treni hadi Vienna kwa chini ya saa tatu.

Viza ni ileile ya Schengen, inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Unaombea nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Uamuzi wa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Kwa Februari, peleka mafaili Novemba, kabla ofisi hazijafungwa kwa sikukuu. Ndege za Istanbul zinaunganisha Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi na miji yote miwili, ila Helsinki ni mwendo mrefu zaidi kutoka hapo. Koti lipakie kwenye begi la mkononi, si lile linaloingia tumboni mwa ndege.